Kisangani: Mji Uliopiganiwa na Wageni

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi tuitumiapo methali hiyo huwa tunapamba mazungumzo. Wananchi wa Kisangani, mji mkubwa wa jirani zetu wa Kongo, waliionja katika maisha yao.

Mwezi wa Agosti, 1998, mji huo ulitekwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, pamoja na waasi wa Kikongo waliokuwa wakisaidiwa nayo. Mto Kongo, ambao ndio uliokuwa njia kuu ya kwenda Kinshasa, ukakatwa na mstari wa vita. Mashua hazikupanda tena na chumvi, sabuni na nguo, wala hazikuteremka na mchele na mawese. Bidhaa zikaletwa kwa ndege kutoka mashariki, kwa bei isiyoweza kumuduwa na mtu wa kawaida, na almasi za nchi zikapelekwa nje kwa njia hiyo hiyo. Walimu na waganga walifanya kazi bila mshahara.

Hata hivyo, mji haukufa. Petroli ilipoadimika, vijana walifunga kigodoro juu ya keria ya baiskeli, wakabeba abiria kwa malipo. Baiskeli hizo ziliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Wengine walisukuma mizigo mwendo wa siku nyingi msituni, ili sokoni pasikose chakula. Wenye bunduki walitawala. Waliouendesha mji ni wananchi.

Ndipo marafiki wa jana wakageukiana. Baada ya mapambano ya Agosti, 1999, na ya Mei, 2000, majeshi hayo mawili yalipigana tena tarehe 5 hadi 10 Juni, 2000, yakigombea mji usio wa yeyote kati yao. Kwa siku sita mizinga ilirushwa juu ya vitongoji vya raia. Maji na umeme vilikatika, na hata Kanisa Kuu lilipigwa. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji huo, na raia zaidi ya 700 waliuawa.

Tarehe 16 Juni, 2000, Baraza la Usalama liliyataka majeshi hayo yaondoke na nchi zao zilipe fidia. Yaliondoka mjini, lakini waasi walibaki. Na mwezi wa Mei, 2002, wakaua tena raia wengi baada ya maasi ya askari.

Haki ilitembea polepole. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyasababisha katika vita hivyo. Ama kuhusu Rwanda, Mahakama iliamua mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Hivyo mizinga ilitoka pande mbili, lakini hukumu ilishukia upande mmoja tu.

Ndugu wasikilizaji, mama aliyefiwa na mwanawe Kisangani hakuulizwa bomu limetoka upande upi. Jirani aingiaye nyumba ya mwenzake na silaha, hata akidai anajilinda, hubaki na deni. Na deni la damu halifutwi kwa kuwa hapana mahakama ya kulidai.