Taa ya Tairi Isiyozimika: Kutoka Belfast Hadi Mtopanga

Leo tuweke programu kando kidogo (si mbali sana, zitarudi zenyewe) tuzungumze upepo. Upepo wa ndani ya tairi.

Kisa chenyewe kimeanza kwa mjomba wangu. Ameendesha malori ya masafa marefu kutoka bandarini hadi Malaba kwa miaka mingi. Alipostaafu alinunua Coaster kuukuu, akamwita fundi wa kuchomelea na seremala mmoja wa hapa Kisauni, wakang'oa viti na kutia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo. Mimi naliita gari-nyumba. Majirani wanaliita "nyumba isiyo na kodi".

Nikamnunulia zawadi: sensa sita za presha ya tairi na kioo kidogo cha kuweka karibu na usukani. (Sensa hizi si zile za kuhesabu watu, msije mkajificha.) Nilidhani atafurahi. Akanitazama kama niliyemletea saa ya kuchezea.

"Mwanangu, hizo taa zenu ni za uongo."

Ana sababu. Pikapu yake ilitoka Japani, na tangu siku aliyoitoa bandarini ina taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la kwato na alama ya mshangao katikati. Haijawahi kuzima. Alichofanya ni kuibandika utepe mweusi. Yeye hupima matairi kwa njia aliyofundishwa ujanani: anazunguka gari na nondo fupi, anagonga kila tairi, anasikiliza linavyolia.

Basi nikaona kabla ya kubishana na mzee, nijue kwanza hiyo taa imetoka wapi.

Tulianzaje kubeba mizigo juu ya upepo

Mwanzoni mwa karne ya 20 hapa Mombasa wakubwa walikuwa wakisukumwa kwenye vigari vidogo juu ya reli nyembamba zilizopita mitaani, wasukumaji wakikimbia nyuma. Gurudumu la chuma halina presha wala pancha. Halina huruma kwa mgongo pia.

Wakati huo gurudumu la upepo lilikuwa limeshavumbuliwa, tena mara mbili. Mskochi Robert William Thomson alisajili uvumbuzi wake mwaka 1845, lakini barabara zilikuwa bado za farasi na wazo lake likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akasajili la kwake. Alilibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya miaka 40.

Kisha ikaja valvu. August Schrader wa New York na kampuni yake walileta valvu iliyosajiliwa mwaka 1893, na hiyo ndiyo mpaka leo unaijaza upepo kwenye gari lako. Mwaka 1909 kampuni hiyo ikasajili kipimo cha mkononi, kile kijiti kinachotoa ulimi wenye namba. Tangu hapo dereva yeyote angeweza kujua presha yake, mradi asimame, ashuke na ainame.

Na hapo pakakwama. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa kuangalia presha lenyewe likienda lilikuwa Porsche 959 ya mwaka 1986. Hesabu mwenyewe: miaka 77 ya kuinama. Na hiyo Porsche haikuwa gari la mtu kama mimi na wewe.

Tairi lililoonekana zima

Kilichobadilisha mambo ni vifo.

Mwezi wa Agosti mwaka 2000 huko Marekani, Firestone waliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe. Mengi yalikuwa kwenye gari la Ford Explorer. Ngozi ya nje ilikuwa ikibanduka barabarani kwa kasi, gari linapinduka. Waliokufa Marekani pekee walizidi 200. Kampuni mbili hizo zikalaumiana, na sehemu ya ugomvi ilikuwa juu ya namba ndogo sana: Ford walikuwa wamependekeza presha ya 26, Firestone wakasema ingefaa 30.

Tofauti ya presha nne haionekani kwa macho. Tairi lenye upepo pungufu linaonekana zima. Lakini kila linapozunguka, ubavu wake unakunjwa na kukunjuka zaidi ya inavyotakiwa, na kila mkunjo unazaa joto. Ongeza mzigo, kasi na jua la mchana. Joto hilo ndilo linalolegeza gundi inayoshikanisha tabaka za ndani. Kwa hiyo tairi linapasuka saa moja au mbili baada ya kosa lenyewe kufanyika, na dereva anadhani ni bahati mbaya.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoagiza magari yawe na onyo la presha. Kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya Marekani lilipaswa kuwa nalo: presha ikishuka kwa asilimia 25 chini ya ile ya kibandiko cha mlangoni, taa iwake ndani ya dakika 20. Ulaya ikafuata, magari yote mapya ya abiria kufikia Novemba 2014.

Sasa sikilizeni hapa. Sheria ile ya Marekani iliishia kwenye magari ya uzito wa kilo 4,536, na ikayaacha nje yote yenye tairi pacha kwenye ekseli. Yaani magari-nyumba makubwa, yanayobeba kitanda, maji, gesi na familia nzima iliyolala, yalibaki bila onyo. Ndiyo maana wenye magari-nyumba ndio waliozoea kununua sensa na kujifungia wenyewe. Ulaya iliziba pengo hilo baadaye: magari yote mapya, pamoja na malori na mabasi, kufikia Julai 2024.

Coaster ya mjomba ina tairi pacha nyuma. Hakuna sheria iliyowahi kuifikiria.

Taa inafika Mombasa ikiwa mzee

Na ile taa ya njano ya pikapu? Si ya uongo. Ilichoka.

Sensa ya kiwandani inakaa ndani ya rimu, imeshikana na valvu. Ndani yake mna kipimo cha presha, cha joto, kompyuta ndogo kuliko ukucha, redio, na betri. Yote yamezamishwa kwenye gundi ngumu, betri haibadilishwi. Programu yake imeandikwa kwa ubahili wa ajabu: gari likisimama inalala, likienda inaamka kila dakika au hivi, inatamka namba yake na presha yake, inalala tena. Kwa ubahili huo betri inaishi miaka saba, labda kumi.

Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane. Sasa weka hesabu hizo mbili pamoja. Gari linashuka melini likiwa na miaka saba, na betri za sensa zinaanza kufa wiki lile lile unalolipia bima. Halafu fundi wa pancha, ambaye hakuna aliyemwambia kuna kitu ndani, anaingiza chuma cha kutolea tairi na kuivunja. Taa inawaka. Hakuna anayejua ya nini. Utepe mweusi.

Kuna na mtego wa pili. Sensa za Japani na Marekani kwa kawaida husema kwenye megahezi 315, za Ulaya kwenye 433. Ukinunua nyingine bila kuuliza, unaweza kufunga nne mpya kabisa na gari lisizisikie hata moja.

Kwa wapenzi wa redio: hazifichi wanachosema. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha kuwa unaweza kuzisikiliza ukiwa mita 40, na hata kulidanganya gari liwashe taa. Leo kipokezi kidogo cha USB na programu huria ya rtl_433 vinatosha. Nilikaa nayo jioni moja kibarazani, nikaona magari yapitayo yakitaja presha zao kwa yeyote anayetaka kusikia. Magari yanapiga kelele, wenyewe hawana habari.

Kufunga kwenye gari-nyumba

Mjomba alikubali kwa masharti: nisimguse nondo yake. Tulifunga za aina ya kofia, zinazokazwa juu ya valvu. Niliyojifunza ni haya:

1. Ondoa valvu za mpira, weka za chuma. Sensa ina uzito, na gurudumu likizunguka inaivuta valvu ya mpira huku na huku mpaka shina lipasuke.

2. Tairi la ndani la pacha linataka valvu ndefu au kipande cha kurefusha. Kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvujia. (Kumbukeni hili, litarudi.)

3. Jaza upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, kisha ndiyo uiambie kioo kuwa hiyo ndiyo presha yako. Yetu ni 65. Niliweka kengele ilie kwenye 55.

4. Andika namba kwenye kila sensa kabla ya kuifunga. Ukibadilishana matairi bila kuzisajili upya, kioo kitalia mbele na pancha iko nyuma.

5. Gari ni refu na bodi ni ya chuma. Sensa za nyuma zikikatikakatika, weka kirudishi mawimbi katikati ya gari.

Kutunza

Adui wetu wa pwani ni chumvi. Shina la alumini likikutana na kijisindano cha shaba ndani yake, hewa ya bahari inavila pamoja mpaka havitoki tena. Tafuta kijisindano kilichopakwa nikeli. Kila mwezi zifungue sensa, zifute, zikaze tena kwa mkono, upake maji ya sabuni uone kama kuna povu.

Betri za kofia ni zile za mfano wa sarafu. Zibadilishe kila mwaka bila kungoja zife. Dawa ya pancha ya majimaji iepuke, inaziba tundu la sensa. Na sensa haijui umri wa tairi. Huo uko ubavuni, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

La mwisho: usipunguze upepo tairi likiwa moto. Presha 65 kwenye nyuzi 30 za asubuhi inakuwa kama 75 tairi likifika nyuzi 70. Ndivyo hewa ilivyo. Ukiipunguza pale, kesho asubuhi una tairi pungufu, na tumeshaona mwisho wake.

Njia ya Voi

Safari yetu ya kwanza tulielekea Voi, mchana, tangi limejaa maji. Kufika Mariakani matairi yote yalisoma 74 na 75. Baadaye la ndani kushoto nyuma likasoma 70. Kisha 66. Kisha 61. Kengele ilikuwa kimya, maana 61 ni juu ya 55. Mimi nilikuwa natazama simu.

"Mbona huyu peke yake anashuka?" mjomba akauliza, na akawa ameshawasha taa ya kuegesha.

Tulisimama kabla ya Mackinnon Road. Akachukua nondo, akagonga. Lililia vizuri kama mwenzake. Akagonga tena. Kisha akaniambia nilete maji ya sabuni.

Povu lilitokea kwenye kipande cha kurefusha valvu. Kile nilichokifunga mimi.

Hakunicheka. Alikikaza, akajaza upepo kwa pampu ya umeme ya gari, akakaa kwenye ngazi ya mlango akinywa maji. Ndipo akanisimulia jambo ambalo miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia nyumbani. Tairi la mbele lilimpasukia karibu na Mtito Andei, zamani, akiwa na mzigo. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Utingo wake hakurudi kwao.

"Asubuhi ile nililigonga," akasema. "Lililia vizuri."

Siku hizi akizunguka gari bado anagonga, kisha anapanda na kukisoma kioo, namba zote sita, kwa sauti. Nimebadilisha kengele: sasa nataka ilie tairi moja likiachana na wenzake kwa presha tano, na kwa kuwa kioo hakijui hesabu hiyo, naandika programu yangu ya kuifanya. Wazo ni la mjomba. Kuhusu pikapu, tumeagiza sensa nne za 315, na utepe mweusi ameubandua mwenyewe.

Basi kwa leo ni hayo. Kapimeni matairi kesho asubuhi kabla jua halijachoma, na mkiona utepe mweusi kwenye dashibodi ya mtu, mwulizeni umefunika nini.