Tamasha halikuanza na tiketi

Haya wadau, leo tuongee muziki wa nje. Simaanishi wa nje ya nchi, namaanisha wa nje ya nyumba: ule unaopigwa hadharani, jirani apende asipende.

Juzi kazini palizuka ubishi. Jamaa mmoja anasema Dar es Salaam haikuwa na utamaduni wa matamasha mpaka Clouds FM walipoleta Fiesta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo eti kulikuwa na harusi tu. Wengi wakaafiki. Mimi nimepanga Buguruni, na mtu wa Buguruni akikubali maneno hayo ajue amekana mtaa wake. Ngoja tupekue historia kidogo.

Tuanze na beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana walipoanza kuiga bendi za kijeshi za wazungu: tarumbeta, sare, gwaride na vyeo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa imeenea Tanganyika, na Dar ikagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Marini ilivuta zaidi makarani na waliojiona wastaarabu wa mji. Arinoti ikabeba vibarua na wageni kutoka bara. Kila upande ulikuwa na viongozi wenye vyeo vikubwa vikubwa, ukipita mitaani kumkomoa mwenzake kwa mavazi na kwa nyimbo. Hakuna aliyekata tiketi. Mtaa ndio ulikuwa ukumbi.

Wakoloni hawakuipenda sana. Fikiria mwenyewe: watu weusi wenye sare, vyeo na uwezo wa kukusanya umati bila kumuuliza bwana mkubwa! Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, kwa sababu aliona ndani yake watu wakijipanga na kujitawala kabla hawajaruhusiwa kufanya siasa.

Likaja dansi, na baada ya uhuru dola ikaingia yenyewe kwenye muziki. Wizara ya utamaduni ilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikawa na bendi yake, NUTA Jazz, hiyo hiyo iliyobadili majina na kuwa JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana wa TANU ukaleta Vijana Jazz mwaka 1971. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ambayo baadaye ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wanamuziki wakalipwa mishahara kama watumishi wengine. Raha iliyoje!

Lakini mkono unaolea ndio unaochapa. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani wakati huo, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wakimcheza James Brown wakaonekana wamepotoka. Ujumbe ulikuwa wazi: chezeni, ila tutawachagulia.

Hapa angalieni kitu kimoja. Dansi la Dar lilipigwa sana kwenye baa za wazi: ukuta, miti miwili mitatu, jukwaa la bati, viti vya chuma. Kiingilio mlangoni. Lakini asiye na kiingilio alisimama nje ya ukuta na akasikia kila kitu. Ukuta ulizuia macho tu.

Na nani alisimama nje ya ukuta? Vijana wa uswahilini wasio na shirika la kuwalipa. Hao ndio waliokuja kuchukua ngoma za Kizaramo, kinanda kidogo cha Casio na kipaza sauti kinachokwaruza, wakatengeneza mchiriku. Miaka ya 1990 kama ulikuwa na shughuli Buguruni, Temeke au Mwananyamala, mchiriku ulikuwa halali yako. Waungwana wakauita uhuni. Halafu mwaka 2012 kundi la Jagwa Music likatolewa albamu na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Ghafla uhuni ukawa sanaa.

Singeli nayo imepita njia hiyo hiyo. Ilikulia Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha mtaani, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Vigodoro vikapigwa vita. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio moja ya Mburahati, na wazungu wakaanza kuulizana hii Dar es Salaam iko wapi. Muziki uliokuwa unakimbizwa na polisi ukapandishwa majukwaa ya Ulaya.

Mnaona mtindo huo? Muziki unazaliwa pasipo ukuta, unaitwa uhuni, kisha unasifiwa ukishaingia ndani ya ukuta na kuwekewa bei.

Najua mtasema: na mgonjwa je? Na mtoto mwenye mtihani asubuhi? Ni kweli kabisa. Nimewahi kupata usingizi saa kumi alfajiri kwa sababu ya spika za mtaa wa pili, na saa tatu nikatakiwa kazini. Kelele ni kero na kibali kina maana yake. Ila tuseme ukweli: tamasha kubwa lina wadhamini, kwa hiyo lina mtu wa kuhangaikia kibali, walinzi na vyoo. Kijana wa Kwa Mnyamani ana spika mbili za kukodi na shangazi anayeoza binti. Mnapomwambia apeleke muziki wake "sehemu husika", sehemu hiyo iko wapi? Viwanja vya wazi vinageuka fremu za maduka na maegesho ya magari.

Mimi naona kila kata itenge kiwanja kimoja, siku zijulikane, saa ya kuzima spika ijulikane, na mwenye mtaa asitozwe kama kampuni. Jirani atalala, na kijana atakuwa na pa kukosea mbele za watu mpaka ajue kazi. Msanii hazaliwi jukwaani na taa za rangi. Matamasha makubwa yanavuna tu kilichopandwa vumbini, na shamba likishajengwa fremu sijui mwaka kesho yatavuna nini.

Wadau wa Tandika, Mbagala na Mwananyamala, kwenu bado kuna kiwanja?