Amri Kifuani

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo imeshinda, mjomba alinipigia kunipongeza. Ati sasa mimi ni mjasiriamali. Siku hiyo nilikuwa na shilingi 200 na makala mbili ambazo hazijalipwa.

Namkumbuka kila nikisoma kuhusu Urusi ya 1992. Tarehe 2 Januari serikali ya Yeltsin iliachilia bei zipande zitakavyo, na kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa zimepanda takriban mara 26. Akiba za wazee ziliyeyuka. Mwalimu au mhandisi aliendelea kwenda kazini, lakini mshahara haukununua kitu.

Tarehe 29 mwezi huohuo Yeltsin akatia saini amri: raia auze karibu chochote, karibu popote, bila kibali. Kumbuka, enzi za Kisovieti kununua kitu ukiuze kwa faida kulikuwa ulanguzi, na watu walifungwa. Nani angeamini mambo yamebadilika?

Yegor Gaidar, msimamizi wa mageuzi hayo, alisimulia jinsi alivyopita Lubyanka, Moscow, palipokuwa makao makuu ya KGB, akaona mstari mrefu kando ya Detsky Mir, duka la vitu vya watoto. Alidhani ni foleni ya wanunuzi. Kumbe ni wauzaji! Huyu ana pakiti chache za sigara, yule soksi za sufu, mwingine chupa ya vodka au kisweta cha mtoto. Na wamebandika nguoni, kwa pini, ile amri waliyoikata gazetini. Polisi akija, asome mwenyewe.

Gaidar alifurahi. Aliona moyo wa biashara haukufa hata baada ya miaka 70 ya ukomunisti. Mimi nimekwama kwenye kile kisweta. Kilikuwa cha nani, na huyo mtoto alivaa nini baada ya hapo?

Sisemi hakuna waliofaulu. Wengi waligeuka chelnoki, jina lililotokana na kile kifaa cha mfumaji kinachopeleka uzi huku na huku: walipanda basi hadi Uturuki, Poland au China, wakarudi na mifuko mikubwa ya miraba iliyojaa makoti ya ngozi. Miongoni mwao walikuwemo walimu na wanasayansi. Walilisha familia. Halafu Agosti 1998 rubo ikaanguka, na wao walinunua kwa dola.