Kutengenezewa Titi Baada ya Upasuaji wa Saratani: Njia Zilizopo

Mama, ukiambiwa kwamba titi lako litaondolewa kwa sababu ya saratani, una haki ya kuuliza: je, linaweza kutengenezwa upya? Kwa wanawake wengi inawezekana, ingawa si kwa wote, wala si lazima. Soma maelezo haya pamoja na anayekuuguza kabla ya kuonana na daktari.

Usichelewe kutibiwa

Hofu ya kupoteza titi huwafanya baadhi ya wanawake kukimbia hospitali. Kutengeneza titi kunaweza kusubiri miezi au hata miaka, lakini saratani haisubiri.

Uliza pia kama inatosha kuondoa uvimbe tu na kubakiza titi. Hilo huwezekana zaidi uvimbe ukiwa mdogo, ila kwa kawaida hufuatiwa na tiba ya mionzi. Kwa mkazi wa Songea, mionzi inaweza kumaanisha wiki kadhaa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani. Panga mapema utafikia wapi na nani atabaki na watoto.

Njia zilizopo

1. Kubaki bila titi. Kidonda hupona na kifua hubaki bapa. Wengi huchagua hivi na huishi vizuri.

2. Titi bandia la kuvaa. Huwekwa ndani ya sidiria baada ya kidonda kupona. Lipo la silikoni, na la kitambaa linaweza kushonwa na fundi cherehani. Halihitaji upasuaji.

3. Kipandikizi. Ni kifuko cha silikoni kinachowekwa chini ya ngozi au msuli wa kifua. Wakati mwingine ngozi hutanuliwa kwanza kidogo kidogo. Kipandikizi hakidumu maisha yote. Huenda kikahitaji kubadilishwa.

4. Nyama ya mwili wako. Daktari huchukua ngozi, mafuta na pengine msuli kutoka tumboni au mgongoni. Upasuaji ni mrefu na utakuwa na vidonda viwili, lakini titi hili hufanana zaidi na la asili.

Chuchu inaweza kutengenezwa baadaye.

Lini?

Titi linaweza kutengenezwa siku ileile linapoondolewa, au baadaye matibabu yakiisha. Kama utahitaji mionzi, mara nyingi madaktari hushauri kusubiri, kwa kuwa mionzi hukaza ngozi na huweza kuharibu kipandikizi. Kisukari, uzito mkubwa na uvutaji sigara huchelewesha kupona.

Mambo ya kujua

Kutengenezewa titi hakurudishi saratani. Hata hivyo, titi jipya huwa na ganzi na halitoi maziwa. Endelea kuhudhuria kliniki na kuchunguza titi la upande wa pili.

Kwa anayemuuguza

Kwa wiki za mwanzo, msaidie kuchota maji, kubeba kuni, kulima na kumbeba mtoto. Mkumbushe mazoezi ya mkono aliyofundishwa hospitali. Mrudishe hospitali mara moja ukiona homa, usaha, wekundu unaoenea, ngozi kuwa nyeusi, au titi kuvimba ghafla. Mkono ukianza kuvimba, hata miezi mingi baadaye, mwambie daktari.

Pa kuanzia

Anza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea au Hospitali ya Misheni Peramiho. Omba kuelezwa kuhusu rufaa ya kwenda kwa daktari wa upasuaji rekebishi, kwa mfano Muhimbili. Kama una bima, uliza kabla ya kusafiri ni huduma zipi zinalipiwa. Kama huna uwezo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Muulize daktari:
- Ni njia ipi inanifaa, na kwa nini?
- Je, nitahitaji mionzi?
- Nitapasuliwa mara ngapi, na nitakaa wodini siku ngapi?
- Gharama zote ni kiasi gani?
- Kidonda kikiharibika nikiwa Songea, niende wapi?

Mume, mama mkwe na dada wanaweza kushauri, lakini mwili ni wako. Ukichagua kutengenezewa titi au kubaki ulivyo, uamuzi wako uheshimiwe.