Taa, Mwale na Kiwi: Historia ya Maneno ya Taa ya Pikipiki katika Tarime na Serengeti

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi taa ya mbele ya pikipiki ilivyoingia katika maisha ya watu wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, na jinsi maneno yake yalivyoingia katika Kiswahili. Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni jambo dogo lisilostahili kurasa za baraza. Lakini istilahi isiyo wazi haimpotezi mwanafunzi darasani peke yake. Dereva aliyeelekezwa vibaya namna ya kurekebisha taa huweza kumpofusha mwenziwe barabarani, au kumgonga ng'ombe ambaye angeweza kumwona mapema.

Wilaya hizi mbili zimetenganishwa kwa sehemu kubwa na Mto Mara. Upande wa kaskazini, Sirari hutazamana na Isebania ya Kenya. Upande wa kusini, Mugumu na vijiji vyake hupakana na Hifadhi ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Jua huzama hapa baina ya saa 12:30 na saa 1 jioni, na usiku huchukua takriban saa 12 mwaka mzima. Msafiri wa usiku hukutana na vumbi au matope, mifugo, na mara nyingine fisi na nyumbu. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Wajaluo na wengineo wana lugha zao, lakini katika karakana na vituo vya abiria lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Kabla ya pikipiki, Kiswahili kilikuwa na hazina ya maneno ya taa: kandili, fanusi, kibatari na kurunzi. Neno linalofaa kukumbukwa hapa ni karabai. Asili yake ni kabidi, yaani kemikali iliyochanganywa na maji ili kutoa gesi ya asetilini. Taa za gesi hiyo zilifungwa katika baiskeli, magari na pikipiki mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye gesi hiyo ikaachwa, lakini jina likahamia kwenye taa ya mafuta ya kupampu. Hapa tunajifunza kwamba chombo kinapobadilika jina huweza kubaki, na anayelitumia asijue kuwa anataja kitu kingine. Baiskeli nayo ilituletea dainamo, taa inayowaka kwa nguvu ya gurudumu na kufifia kadiri mwendo unavyopungua.

Neno pikipiki limeundwa kwa kuiga mlio wa injini, na ni mfano mzuri wa uundaji wa maneno uliofanywa na watu wenyewe. Sehemu zake, hata hivyo, hazikupata bahati hiyo. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zilitumia umeme wa volti 6, na baadaye volti 12 zikaenea. Katika nyingi, taa ya mbele ilipata umeme moja kwa moja kutoka katika koili za injini bila kupitia betri. Kwa hiyo mwanga ulififia injini ilipozunguka polepole, sawasawa na dainamo ya baiskeli.

Badiliko kubwa lilikuja na bodaboda. Neno hili lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Msingi wake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likitajwa mara mbili. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea nchini katika miaka ya 2000, chombo kilichokuwa cha mtumishi mmoja mmoja kikawa cha umma. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki. Kuanzia hapo kazi ya usiku ikawa riziki ya vijana wengi, na kila mmoja akataka aone mbali zaidi.

Hapo ndipo lilipoenea tamko ambalo ndilo kiini cha makala haya: kuongeza taa. Tamko hili huficha vitendo vitatu vilivyo mbali. Kwanza, ni kutia balbu yenye nguvu zaidi. Pili, ni kuinua taa ili mwanga ufike mbali. Tatu, ni kubonyeza swichi ili kuwasha mwanga mkubwa. Fundi akiambiwa "niongezee taa", huchagua maana aliyoizoea, na si lazima iwe ile inayohitajiwa.

Tuchukue maana ya kwanza. Pikipiki nyingi za kibiashara zimetengenezewa balbu ya wati 35. Anayetia balbu ya gari yenye wati 60 anadai umeme ambao koili huenda zisiweze kuufua, na joto lake huweza kuharibu kishikio na kiakisi. Taa za diodi, zinazojulikana kwa herufi LED, hutumia umeme kidogo kwa mwanga mwingi. Wavumbuzi wa diodi ya mwanga wa samawati iliyowezesha mwanga mweupe, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Hata hivyo, kiakisi kilichochongwa kwa ajili ya waya mwembamba wa balbu hakipangi vema mwanga wa diodi zisizokaa mahali pale pale. Mwanga huongezeka, lakini hutawanyika hadi machoni mwa watu.

Maana ya pili inahitaji kitenzi chake, nami napendekeza kulenga taa. Mafundi husema kuseti, neno linalotumika pia kwa vali na kabureta, kwa hiyo halielezi kinachofanywa. Kulenga hufanyika hivi: pikipiki husimamishwa wima kwenye uwanja tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa amekaa. Alama ya chaki huwekwa ukutani kwa kimo cha taa. Kisha bolti hulegezwa, na taa huinamishwa mpaka ukingo wa juu wa mwanga wa karibu uwe kama sentimita 10 chini ya alama. Kanuni za kimataifa huruhusu mwinamo wa sentimita 5 hadi 25 kwa umbali huo.

Mzigo nao una hesabu yake. Tukichukua pikipiki yenye sentimita 125 baina ya ekseli zake, springi za nyuma zikishuka sentimita 3 zaidi kwa uzito wa abiria, mwanga hupanda sentimita 24 kwa kila mita 10. Kwa hiyo dereva aliyepakia mishikaki huangaza matawi ya miti na macho ya wenziwe, huku barabara iliyo mbele yake ikibaki gizani. Naye, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kila sekunde.

Maana ya tatu ina jozi ya fuli na dimu. Vitabu vingine husema kuongeza na kupunguza taa. Kasoro ya kupunguza ni kwamba humfanya dereva ajione amenyimwa kitu. Afadhali tuseme mwale wa mbali na mwale wa karibu, kwa kuwa kila jina hutaja kazi yake: mmoja ni wa njia tupu, mwingine ni wa kukutana na watu. Na kwa madhara ya mwanga mkali machoni hatuna haja ya kukopa, maana Kiswahili kina kiwi, neno la kale lililo kamili. Taa iliyoinuliwa mno hutia kiwi. Tusiseme inamulika sana.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na wafasiri wake, pamoja na waandishi wa vitabu vya vyuo vya udereva, hawawezi kuukwepa mkanganyiko huu. Neno taa libaki kwa chombo, mwanga kwa kitokacho humo, mwale kwa mwanga uliopangwa kuelekea mahali, na kiwi kwa dhara lake. Kuongeza nguvu ya taa na kulenga taa viwe vitendo viwili, na katika mafunzo kulenga kutangulie. Mwalimu wa Mugumu au askari wa Sirari akiyatumia maneno haya kwa uthabiti, kijana atakayekwenda kwa fundi ataweza kusema hasa anachotaka, na huenda akagundua kwamba taa aliyokuwa nayo ilimtosha, ila ilitazama pasipostahili.