Kuuza ao kuuzisha? Maneno na desturi za soko zenye kuchanganya wageni Mashariki ya Kongo

Tuseme mfanya biashara mwenye kutoka Kigoma anashusha mizigo yake mu soko ya Uvira. Mama mmoja anamukaribia na kumwambia: "Nataka kuuza muchele." Mgeni anajibu kwamba yeye pia anauza, kwa hiyo hana haja. Mama anashangaa, anaenda kwa jirani. Hakuna mwenye kusema vibaya hapo, na mteja amekwisha kupotea.

Neno lenye kugeuka

Kigoma na Dar es Salaam, kuuza ni kutoa bidhaa na kupokea pesa. Bukavu, Goma, Bunia na Lubumbashi, mu lugha ya kila siku, kuuza ni kutoa pesa na kupokea bidhaa. Mwenye bidhaa, yeye anauzisha. Ni sawa vile kula na kulisha: mwenye kulisha anafanya mwingine ale, mwenye kuuzisha anafanya mwingine auze.

Neno kununua linajulikana pia, watu wanalisikia ku masomo, ku kanisa na ku radio. Ndio maana mtu moja anaweza kusema kununua asubuhi na kuuza mchana, akiwa na maana ileile.

Hatari iko mu maandishi. Ujumbe wa simu wenye kusema "nimeuza magunia kumi" unaweza kuleta ugomvi kati ya washiriki wawili wa inchi mbili: moja anangojea pesa, mwingine anangojea magunia. Dawa ni kuandika wazi nani ametoa pesa na nani amepokea.

Maneno mengine yenye kutega

Kutosha: kwa jirani zetu ni kuenea, kukosa upungufu. Huku ni kutoa ao kuvua. Mtu akikuambia "tosha makuta," hasemi kwamba pesa zako zimefika. Anataka uzitoe mfukoni.

Paka: ni mnyama, lakini huku ni pia "tu" ao "peke yake." "Iko paka moja" maana yake imebaki moja tu.

Juu ya nini: huku ni "kwa nini." Mgeni anaweza kuanza kutafuta meza.

Yaya: ni mkubwa wako wa kuzaliwa, ao mtu unayemuheshimu hivyo. Nairobi, yaya ni mfanyakazi mwenye kulea watoto. Mama wa kule akiitwa "yaya" mu soko ya Goma asikasirike, ni heshima.

Sombe: ni majani ya muhogo, yenye kuitwa kisamvu Tanzania na pondu Kinshasa.

Makuta, matabishi na dola

Makuta ni pesa. Jina linatoka ku sarafu ya mwaka 1967, wakati zaire moja ilikuwa na makuta 100. Zaire iliondoka mwaka 1998, franga ya Kongo ikachukua nafasi yake, lakini neno limebaki mdomoni.

Matabishi, neno lenye kutoka Kireno, ni kile kidogo muuzishaji anaongeza juu ya kipimo. Kuomba matabishi si kuomba-omba. Mwenye kukataa kila siku anaonekana mchoyo, na wateja wanahama meza.

Dola inapita karibu kila mahali, lakini noti yenye kupasuka hata kidogo pembeni mara nyingi inakataliwa. Franga yenye kuchakaa, hiyo inapokelewa. Mgeni achunguze kila noti ya dola mbele ya kuondoka ku meza, kwani akiisha kuipokea, hasara ni yake.

Deni la Kambale

Butembo na Beni, mgeni anasikia Kambale hapa, Kambale pale, anafikiri ni jamaa moja. Si hivyo. Kwa Wanande, jina linafuata nafasi ya kuzaliwa: Paluku ao Mumbere ni kijana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Masika ni binti wa kwanza. Muhindo ni kijana mwenye kufuata binti, na Kahindo ni binti mwenye kufuata kijana. Kwa hiyo, mwenye kuandika mu kitabu cha madeni "Kambale, dola 20" hajaandika mtu. Lazima aongeze jina lingine na mahali anakaa.

Si Kiswahili kibovu

Kiswahili kilifika Kasongo na Nyangwe pamoja na misafara ya karne ya 19, kisha kikakomaa mu migodi ya Katanga na mu miji ya Kivu. Katiba ya 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na kikongo, lingala na tshiluba. Tangu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Viswahili hivi vinakutana ku mipaka kila siku.

Mwenye kuvuka asicheke na asikasirike. Aulize kwanza: "Kuuza yako, ni kutoa makuta ao kupokea?"