Kumbe Mzee wa Kukata Wanga Alikuwa Anakula Mkate!

Wengi wanadhani kukata ugali na wali ni stori ya juzi ya Instagram. Wapi! Mwaka 1863 mzee mmoja wa London, mfanyabiashara wa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kama kilo 20 kwa mwaka baada ya kupiga chini sukari, viazi na bia. Ila asubuhi bado alikula kipande kidogo cha mkate mkavu.

Mwaka 1972 daktari mmoja wa New York akaja na kitabu kikali zaidi: wiki ya kwanza, wanga karibu sifuri. Lakini hata yeye aliagiza urudishwe kidogo kidogo. Watu wakashika ukali wa mwanzo, wakasahau kurasa za mbele. Ndiyo maana mtu anakaza mwezi, akikutana na pilau la harusi, kwisha habari.

Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitoa majibu ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima: waliopunguza wanga na waliopunguza mafuta walipungua karibu sawa. Kwa hiyo bora mpango unaoweza kuishi nao: ugali kidogo, mboga nusu sahani, dagaa au maharage pembeni. Ila mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kwanza, sukari isije ikashuka ghafla.

Wewe je, ugali umeuacha au umeupunguza?